Mlango wa Ndani Nao Utiwe Komeo

Mwaka 2010 waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba, na kisiwa kilichokuwa kikitegemea mitambo ya dizeli kikaunganishwa na gridi ya taifa. Umeme huo haukuleta taa peke yake. Uliwezesha pia kompyuta kufanya kazi mchana kutwa katika shule, vyuo na ofisi za Chake Chake, Wete na Mkoani. Na penye kompyuta na kijana mwenye hamu ya kujua, aghalabu haupiti muda mrefu kabla ya kijana huyo kuchoka kutumia programu za wenzake na kuanza kutunga zake mwenyewe.

Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kila kazi ina hatari zake, na mwanagenzi hapana budi azijue tangu siku ya kwanza. Seremala huonyeshwa namna ya kushika tezo kabla hajapewa gogo la kuchonga. Mtunga programu mwanagenzi, kwa bahati mbaya, mara nyingi hufundishwa kuchonga tu. Huonywa juu ya virusi na juu ya maneno ya siri yaliyo mepesi, lakini haelezwi hatari iliyo karibu naye kuliko zote, ile inayopitia katika seva ndogo aliyoifungua yeye mwenyewe ndani ya mashine yake.

Maoni yanayotolewa hapa ni haya: seva ambayo mwanafunzi huiendesha katika kompyuta yake kwa ajili ya kujaribia kazi yapasa kulindwa kana kwamba iko wazi kwa ulimwengu mzima, na ulinzi huo ufundishwe shuleni pamoja na somo lenyewe, si baada yake.

SEVA ILIYOMO NDANI YA MASHINE

Yafaa kwanza kueleza seva hiyo ni kitu gani. Mtu anayetunga programu ya kutumiwa kwa njia ya kivinjari hawezi kungoja mpaka kazi imalizike ndipo aione. Kwa hiyo huendesha katika kompyuta yake programu ndogo ifanyayo kazi ya seva: kivinjari huomba ukurasa, na seva huutoa. Mazungumzo hayo hayatoki nje ya mashine. Hupitia anwani maalumu, 127.0.0.1, ambayo kwa mapatano ya kimataifa kila kompyuta huitumia kujiita yenyewe. Ili huduma nyingi ziweze kukaa katika anwani moja, kila huduma hupewa namba ya mlango, na namba hizo hufika 65,535. Anayetumia Django kwa kawaida hukuta seva yake katika mlango 8000. Anayetumia Vite huikuta katika mlango 5173. Na anayetumia Jupyter, katika mlango 8888.

Kwa kuwa kompyuta nyingine haiwezi kuifikia anwani ya 127.0.0.1 ya mwenzake, kulikuwa na imani kwa miaka mingi kwamba seva ya namna hiyo haihitaji ulinzi wowote. Vifaa vingi vya watunga programu vilitengenezwa kwa imani hiyo. Havikudai neno la siri, wala havikuuliza ombi limetoka wapi. Na baadhi yake vilikuwa tayari kusoma faili, kufuta rekodi, hata kutekeleza amri yoyote ya mashine. Imani hiyo ni ya makosa. Ili kuyaona makosa yake, ni lazima kutazama kwanza kazi ya kivinjari.

MJUMBE ANAYEAMINIWA

Mfano wa nyumbani utasaidia. Katika nyumba nyingi za Pemba yupo mtoto anayetumwa. Huenda dukani, huenda kwa jirani, na hurudi kwa mlango wa uani bila ya kupiga hodi, kwani ni mtoto wa nyumba hiyo. Sasa tuseme mgeni asiyejulikana anamsimamisha njiani na kumwambia, "Nenda ukaseme kwamba lile gunia la karafuu litolewe nje." Mtoto akiyafikisha maneno hayo kama alivyoyapokea, aliye ndani husikia sauti anayoijua, naye hutoa gunia. Sauti ni ya mtoto, bali maneno ni ya mgeni.

Kivinjari ndicho mtoto huyo. Karibu kila ukurasa wa intaneti unaofunguliwa siku hizi huja na programu iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript, na programu hiyo huendeshwa katika mashine ya msomaji, si katika mashine ya aliyeitunga. Mwanafunzi aliyefungua seva yake katika mlango 8000, kisha akafungua ukurasa wa pili ili atazame matokeo ya mpira, ameyakaribisha ndani maneno ya watu asiowajua: ya mwenye tovuti, na pengine ya mwenye tangazo lililobandikwa pembeni. Programu iliyomo katika ukurasa huo inaweza kukiagiza kivinjari kipeleke ombi kwa 127.0.0.1, mlango 8000. Ombi linapofika, seva huona kwamba limetoka ndani ya mashine ileile, nayo hulijibu.

Watengenezaji wa vivinjari waliiona hatari hii mapema. Tangu katikati ya miaka ya 1990, kivinjari cha Netscape kilipoanza kuendesha programu za JavaScript, iliwekwa kanuni inayoweza kuitwa kanuni ya asili moja. Kwa kanuni hiyo, ukurasa uliotoka mahali pamoja hauruhusiwi kusoma majibu yanayotoka mahali pengine, isipokuwa mahali hapo pakubali. Na "mahali" hupimwa kwa mambo matatu, yaani aina ya mawasiliano, jina la seva, na namba ya mlango. Kanuni hii ni nguzo ya usalama wa intaneti mpaka leo. Hata hivyo ina mianya mitatu ambayo kila mtunga programu yampasa kuijua.

Mwanya wa kwanza ni kwamba kanuni huzuia kusoma jibu, lakini mara nyingi haizuii kupeleka ombi. Ikiwa ombi lenyewe ndilo lenye madhara, kwa mfano ombi la kufuta rekodi, mgeni hana haja ya kusoma jibu. Gunia limekwisha kutolewa nje.

Mwanya wa pili unahusu njia ya mawasiliano ya kudumu iitwayo WebSocket, ambayo vifaa vya watunga programu huitumia sana ili ukurasa ujibadilishe wenyewe kila faili inapohaririwa. Njia hii haifungwi na kanuni ya asili moja. Kivinjari huandika tu, mwanzoni mwa ombi, asili ya ukurasa ulioliomba, na kazi ya kukubali au kukataa huachiwa seva. Seva isiyoyasoma maandishi hayo humkubalia yeyote.

Mwanya wa tatu una hila zaidi. Majina ya tovuti hugeuzwa kuwa anwani za namba kwa kutumia daftari kuu la majina ya intaneti, na mwenye jina ndiye mwenye mamlaka ya kubadili namba yake. Mdukuzi husajili jina na kulielekeza kwenye mashine yake. Msomaji anapoufungua ukurasa, mdukuzi hulibadili jina lilelile lielekee 127.0.0.1. Kivinjari hulinganisha majina, huona jina ni moja, na huruhusu ukurasa usome majibu. Lakini sasa anayejibu ni seva iliyomo ndani ya mashine ya msomaji mwenyewe. Hila ya aina hii ilielezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, tangu mwaka 1996, na hadi leo vifaa vipya vinaendelea kuangukia humo.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya nadharia. Siyo. Mwaka 2016 watengenezaji wa Django walilazimika kutoa sahihisho, kwa kuwa programu yao, ilipokuwa katika hali ya matengenezo, haikukagua jina ambalo ombi limeliitia, na hivyo hila ya kubadili anwani iliweza kupita. Mwishoni mwa mwaka huohuo Jupyter, inayopendwa na wanafunzi wa takwimu na sayansi, ilianza kudai neno la siri la nasibu kila inapofunguliwa. Mwaka 2019 Rails nayo ilitiwa ukaguzi wa majina kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka huo wa 2019 watu wengi wasio watunga programu waliionja hatari hiyo. Mtafiti mmoja wa usalama alionyesha kwamba programu ya mikutano ya Zoom, katika kompyuta za Mac, iliacha seva ndogo ambayo ukurasa wowote wa intaneti uliweza kuiamuru imwingize mwenye mashine katika mkutano, na pengine kamera yake ikiwa imewaka. Seva hiyo ilibaki hata baada ya Zoom kuondolewa katika mashine, na kampuni ya Apple ikaamua kuifuta yenyewe kwa mbali.

Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya Oligo Security walitangaza kwamba katika mashine za Linux na za Mac kurasa za intaneti ziliweza kuzifikia seva za ndani kwa kupitia anwani 0.0.0.0, ambayo vivinjari havikuizuia. Januari 2025 Vite ilisahihishwa, kwa kuwa tovuti yoyote iliweza kuiomba seva yake na kusoma majibu. Na katikati ya mwaka 2025 iligunduliwa kwamba MCP Inspector, kifaa cha kampuni ya Anthropic cha kukagua programu zinazounganishwa na akili unde, kilimwezesha mwenye ukurasa wa intaneti kutekeleza amri ndani ya mashine ya mtunga programu. Uzito wa kasoro hiyo ulikadiriwa kuwa 9.4 kati ya 10. Tiba yake ilikuwa kudai neno la siri na kukagua asili ya ombi. Tiba ambayo ilikuwa ikijulikana kwa miaka mingi.

Hapo ndipo ilipo hoja. Waliofanya makosa haya si wanagenzi. Ni mafundi wakubwa, wengine wao wenye kampuni tajiri. Waliteleza kwa sababu walifundishwa, kama wanavyofundishwa vijana wa leo, kwamba kilichomo ndani ni salama kwa kuwa kimo ndani.

PINGAMIZI NA MAJIBU YAKE

Wapo watakaosema kwamba Pemba iko mbali, kompyuta zake si nyingi, na hakuna mdukuzi atakayejisumbua kumtafuta mwanafunzi wa Wete. Hoja hii haielewi namna mashambulizi haya yanavyotokea. Mdukuzi hamtafuti mtu. Huweka ukurasa wake na kungoja, na ukurasa huo hugonga milango inayojulikana, 8000, 5173, 8888, katika kila mashine inayoufungua, iwe London au Konde. Bahari haimzuii.

Tena, katika baadhi ya mambo hatari ni kubwa zaidi mahali ambapo intaneti ni ghali. Mahali hapo programu hupitishwa kutoka mkono hadi mkono kwa flashi, na nakala iliyotolewa kabla ya sahihisho la mwaka 2016 au la mwaka 2025 huweza kuendelea kutumika miaka mingi baadaye. Kasoro iliyokwisha kuzibwa kwingineko hubaki wazi hapo. Na mara nyingi mashine ya mwanagenzi ni mashine ya watu wengi: mwalimu huweka humo alama za mitihani, na ofisi huweka humo barua zake.

Wengine watasema kwamba vivinjari vyenyewe vitamaliza tatizo. Ni kweli kwamba mwishoni mwa mwaka 2025 Chrome ilianza kumwomba mwenye mashine ruhusa kabla ya tovuti ya nje kuigusa mashine yake au mtandao wake wa ndani. Hiyo ni hatua njema. Lakini swali linaloulizwa mtu asiyeelewa maana yake hujibiwa "ndiyo", ili tu liondoke. Na kivinjari cha zamani hakiulizi kabisa. Mtoto akifundishwa kutopokea maneno ya wageni ni vizuri, lakini aliye ndani naye ajifunze kuuliza, "Nani amekutuma?"

Yapo pia maoni kwamba sheria yatosha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayohusu Tanzania Bara na Zanzibar, inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila ya haki. Sheria hiyo ni ya lazima. Lakini sheria humwadhibu mwizi aliyekamatwa. Haifungi mlango, wala haimfikii kwa urahisi mwizi aliye katika nchi nyingine.

Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka kwa walimu wenyewe: kwamba mwanagenzi akielemezwa mambo ya usalama katika somo la kwanza atakata tamaa. Pingamizi hili lastahili heshima, kwani mwalimu mwenye vipindi vichache na kompyuta chache hana muda wa kupoteza. Lakini yanayohitajika si mengi. Ni maswali matatu ambayo seva iulize, na desturi nne ambazo mwanafunzi azishike.

MASWALI MATATU NA DESTURI NNE

Swali la kwanza la seva ni hili: ombi limeniita kwa jina gani? Kama jina lililoandikwa mwanzoni mwa ombi si moja ya majina ya ndani yanayojulikana, likataliwe. Swali hili peke yake huvunja hila ya kubadili anwani, kwa sababu kivinjari, hata kikidanganywa kuhusu namba, bado huandika jina la tovuti ya mdukuzi. Swali la pili: ukurasa ulioomba una asili gani? Ukurasa wa kigeni ukataliwe, na hasa katika njia ya WebSocket. Wala mwanafunzi asinakili ile amri ya mkato inayozifungulia tovuti zote ruhusa ya kusoma majibu, hata kama inaondoa haraka maneno mekundu ya makosa. Swali la tatu: ombi lina neno la siri? Seva inayoweza kuandika, kufuta au kutekeleza amri yapasa itoe neno refu la nasibu kila inapoanza, na isimsikilize asiye nalo.

Desturi nazo ni nyepesi. Seva isikilize katika 127.0.0.1 tu, si katika anwani zote za mashine. Ifungwe kazi inapokwisha, isiachwe usiku kucha. Kazi ya kutunga ifanywe katika kivinjari kimoja, na matembezi ya intaneti katika kingine. Na majaribio yatumie majina na alama za kubuni, kamwe si taarifa za kweli za wanafunzi au za wagonjwa.

Mwalimu mwenye kompyuta mbili tu anaweza kuyaonyesha haya katika kipindi kimoja. Kwanza aandae folda yenye faili moja isiyo na siri, kisha aendeshe humo amri ya python -m http.server. Amri hiyo kwa kawaida husikiliza katika anwani zote. Kwa hiyo kompyuta ya pili iliyo katika mtandao uleule wa chumba, isipozuiwa na kinga ya mashine, itaisoma faili hiyo, na wanafunzi watashangaa. Kisha mwalimu aongeze maneno --bind 127.0.0.1, na kompyuta ya pili haitafika tena.

Jaribio la pili hufanywa katika kompyuta moja. Seva moja iwekwe katika mlango 8000, na nyingine katika mlango 9000. Ukurasa wa mlango 9000 utaje picha iliyo katika mlango 8000. Wanafunzi watazame kumbukumbu za seva ya 8000: watauona mstari unaoonyesha kwamba ombi limefika, ingawa limeagizwa na ukurasa wa asili nyingine. Kisha ukurasa huohuo ujaribu kwa JavaScript kusoma maandishi yaliyo katika mlango 8000. Kivinjari kitakataa kuutolea jibu, lakini kumbukumbu zitaonyesha tena kwamba ombi lilifika na seva ilijibu. Aliyeliona hilo kwa macho yake hatasahau tofauti kati ya kuzuia kusoma na kuzuia kupeleka, wala hatahitaji kukariri fasili yake.

Majaribio hayo mawili hayagharimu fedha, wala hayahitaji intaneti. Yanafaa Chake Chake kama yanavyofaa Dar es Salaam. Faida yake haiishii katika usalama wa mashine ya shule, kwani mwanafunzi wa leo ndiye atakayetunga kesho programu za hospitali, za bandari na za mauzo ya karafuu, na desturi aliyoizoea kwenye seva yake ndogo ndiyo atakayoipeleka kwenye seva kubwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kijana anayetunga programu hapaswi kuiogopa intaneti wala kuikimbia. Yampasa tu kukumbuka kwamba mjumbe anayeingia kwake bila ya hodi huenda amebeba maneno ya mtu mwingine. Komeo la mlango huo ni mistari michache ya programu. Aitie siku ileile anayoufungua.